Kwa nini naona ndege wengi kwenye viwanja vya Mabwepande kuliko msituni Pugu?

#1 Pedeli Kavu
Wakuu, salaam. Kuna jambo linanisumbua tangu Jumapili, naomba wenye uzoefu waje.

Nina baiskeli ya gia ya mtumba na darubini ndogo niliyopewa na shemeji. Kila Jumapili natoka Tegeta, hapa Dar, saa kumi na moja alfajiri, napanda Barabara ya Bagamoyo hadi Bunju B, nakunja kushoto kwenda Mabwepande, napita pembeni ya pori la Pande, Msumi, Mpiji Magohe, natokea Kibamba. Lami inaisha mapema, baada ya hapo ni vumbi, mchanga na mbwa. Nikiona ndege nasimama, naandika kwenye daftari.

Jumapili iliyopita hadi saa nne asubuhi nilikuwa na aina 43. Arobaini na tatu! Na karibu zote nimeziona kwenye viwanja: nguzo za mipaka, misingi iliyoota majani, miembe iliyobaki peke yake. Wiki moja kabla nilikwenda msitu wa Pugu, ule tunaoambiwa ni hazina, nikarudi na aina 14.

Je, ndege wameukimbia msitu na kuhamia viwanjani? Au kuna kitu sikielewi?

#2 Njiwa Manga
Picha mkuu. Uzi wa ndege bila picha ni taarabu bila kinanda.

#3 Mama Kwale
Kaka Pedeli, karibu kwenye ugonjwa wetu. Swali zuri ila umelifunga vibaya. Msituni hujakosa ndege, umekosa kuwaona. Pugu ndege anasikika, haonekani. Wengi wanakaa juu kabisa ya majani au chini kabisa kwenye takataka za majani makavu. Kuna kimoja kidogo, kifua rangi ya chungwa, kinadonoa chini gizani. Maisha yake yote ni kwenye misitu ya namna hii, toka pwani ya Kenya hadi Msumbiji. Kiwanjani hukikuti hata ukeshe. Kwenye kiwanja ndege anakaa juu ya nguzo kama mgombea kwenye bango.

Halafu 14 za msituni na 43 za kiwanjani hazipimwi kwa mzani mmoja. Za kiwanjani wengi utawaona hadi Morogoro.

#4 Dalali Mstaafu
Niseme mimi niliyeviuza hivyo viwanja, maana mnazungumza mambo ya majani bila kumjua mwenye majani.

Mabwepande ilichangamka baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali ilipowahamishia huko watu wa Jangwani na mabondeni. Baada ya hapo wenye pesa nao wakafuata. Sasa asilimia kubwa ya wateja wangu hawakununua ili wajenge. Kiwanja ni benki. Mtu yuko Mwanza, mwingine yuko nje ya nchi, anaweka nguzo nne na msingi wa tofali tatu ili asiporwe, anaondoka miaka kumi. Kulima haruhusu, anaogopa mlimaji atadai ardhi. Mbuzi hawaingii, jirani kaweka seng'enge. Moto haupiti. Nyasi zinakuwa kifuani, zinatoa mbegu, panzi wanajaa. Ndege afanye nini zaidi?

Kwa hiyo jibu ni moja tu: umaskini wa kujenga ndiyo utajiri wa ndege.

#5 Njiwa Manga
Dalali kaamua kuwa mshairi leo. Na ile ya kuuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, hiyo inaongeza ndege wangapi?

#6 Dalali Mstaafu
Inaongeza sana. Kesi mahakamani miaka minane, hakuna anayefyeka.

#7 Kisarawe Kwetu
Habari za humu. Mimi sina darubini ila baiskeli naijua. Nilibeba mkaa miaka sita, gunia mbili nyuma, moja juu yake, natoka ndani ndani Kisarawe saa nane usiku ili jua linikute nimeshafika Gongo la Mboto. Mteremko wa Pugu breki hazifai, unaburuza kandambili.

Nawaambia kitu kimoja. Alfajiri pale msituni ukipumzisha mzigo, kelele zake huwezi kusikilizana na mwenzio. Wale wenye mdomo mkubwa na pembe juu, sisi tunawaita hondohondo, wakianza kulia unadhani ni watoto wanapigwa. Ikifika saa mbili na nusu, kimya. Kama umefika saa tatu umekuta soko limefungwa.

Pedeli, ulifika saa ngapi?

Na pia nikiri, sisi wa mkaa tuliutafuna ule msitu. Sehemu nilizokuwa napita kivulini mwanzo, mwisho napita juani. Kwa hiyo na wewe usikatae kwamba wapo waliohama.

#8 Pedeli Kavu
Shikamoo mzee wangu Kisarawe. Ukweli unauma: saa tatu nilikuwa Pugu Kajiungeni naziba pancha ya pili. Msituni niliingia kama saa nne kasoro.

#9 Njiwa Manga
Hahahaaa! Uzi umekufa ukiwa na umri wa posti nane. Mtu kaenda harusini usiku wa manane anauliza mbona hakuna pilau.

#10 Fundi Spoku
Haujafa. Pancha mbili asubuhi moja ni tatizo la fundi. Njia za Mabwepande na Mpiji zina miiba ya mkakaya na ile midogo ya chini inayoshika raba. Fanya hivi: tembea na tyubu mbili nzima, usitegemee solusheni porini kwa sababu vumbi halikupi nafasi ya kubandika. Kwenye mchanga punguza upepo, kwenye lami ongeza. Na ukichomoa mwiba pitisha kidole ndani ya tairi taratibu, mwingine unabakia na ndio unaotoboa tyubu mpya.

Kuhusu ndege sijui kitu, ila wateja wangu wa baiskeli za Foniks wote wanasema huko kuna ndege wengi kwa sababu hakuna kelele. Pikipiki ikipita wanaruka, baiskeli ikipita wanakuangalia tu.

#11 Mvuvi wa Ununio
Hilo la kelele sawa, ila mmesahau mtuhumiwa namba moja: KUNGURU. Mjini kunguru wamemaliza kila kitu. Anakula mayai, anakula makinda, anafukuza hadi mwewe. Utotoni kwetu Ununio uani kulikuwa na viota vya chozi kwenye kamba ya kuanikia. Leo hakuna. Kunguru anafuata jalala na mama ntilie. Mabwepande watu bado wachache, jalala dogo, kunguru hajafika, ndege wengine wanapumua. Subirini mji ufike.

#12 Pedeli Kavu
Mzee Mvuvi, Bunju B stendi kunguru wako tele, wanakula chipsi kuliko mimi. Na toka stendi hadi viwanjani ni mwendo wa dakika chache kwa anayeruka.

#13 Msomi wa Jikoni
Tusimbebeshe kunguru wote kesi. Wapo wawili. Mwenye kifua cheupe kama kavaa singlendi ni wa kwetu wa asili, huyo hana shida kubwa na siku hizi mjini ndiyo unamtafuta kwa tochi. Mwenye shingo ya kijivu, mwembamba, mwenye maneno mengi, huyo ni mgeni. Alitoka Bara Hindi, akaletwa Unguja miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji. Alisafisha taka, kisha akaendelea na vifaranga vya watu.

#14 Pwani ya Mtwapa
Habari zenu ndugu wa Dar. Huku Mombasa na Kilifi ni hao hao. Mwaka 2024 shirika letu la wanyamapori la KWS lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru milioni moja kwa sumu maalumu. Hoteli za ufuoni zilikuwa zimechoka, mgeni akiweka mkate mezani hauoni tena.

Ila naona Mvuvi ana haki nusu. Nikitoka Mtwapa kwa baiskeli kwenda ndani kuelekea mashambani, kama saa nzima hivi, kunguru wapungua na ndege wadogo waongezeka. Lakini pia miti yaongezeka na watu wapungua. Sasa ni kipi kimeleta kipi?

#15 Binti wa Goba
Mimi naomba niongelee usalama maana wanaume mnaongea kama barabara ni za wote. Mimi naendesha baiskeli na naangalia ndege pia, Goba hadi Msumi. Shida yangu kubwa siyo wezi. Shida ni kwamba mwanamke kwenye baiskeli, kofia kichwani, darubini shingoni, kasimama anaangalia kiwanja cha mtu: wewe ni mpima ardhi. Nimezungukwa na akina mama wawili na mzee mmoja mwenye panga wananiuliza barabara inapita wapi na nyumba ya nani inawekwa alama ya X. Nikasema naangalia ndege. Yule mzee akasema, "Ndege gani, wa Ulaya?" Hawakuamini hadi nilipompa darubini akamwona tetere juu ya mnazi wake mwenyewe. Akaangalia dakika kumi. Darubini niliipata kwa kubembeleza.

Ushauri: pita kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwachie jina na namba. Na ukiona ukuta wa kambi ya jeshi, darubini ndani ya begi, usisubiri kuambiwa.

#16 Dalali Mstaafu
Dada, siku wakikuona tena huko bei itapanda. Nakuomba upitie na Kibamba, nina viwili havijatoka.

#17 Mama Kwale
Nimecheka. Turudi kwenye daftari. Pedeli, naomba uiweke hapa ile orodha ya 43. Yote.

#18 Pedeli Kavu
Ndefu, nakupa ninazotilia shaka:
- shomoro mwekundu mwenye tumbo jeusi, wengi kwenye nyasi
- shomoro wa kahawia mwenye michirizi, wengi, anakaa naye
- dudumizi
- tipitipi
- mwewe
- kipanga mkubwa mkia wenye panda
- mnana wa njano
- yule wa rangi nyingi anayekaa kwenye waya, bluu na zambarau, akiruka ni kama kitenge

#19 Mama Kwale
Nilijua. Huyo mwekundu mwenye tumbo jeusi na huyo wa kahawia ni mume na mke. Tena dume mwenyewe msimu wa kiangazi anavua suti, anakuwa wa kahawia kama jike; mvua zikija anavaa tena. Kwa hiyo ukienda Agosti utadhani wekundu wamehama. Dudumizi na tipitipi ni ndege mmoja. Kipanga wako mwenye mkia wa panda ni mwewe yule yule, mkia wa mwewe ndio ulivyo. Umebakiwa na 40.

#20 Mvuvi wa Ununio
Hapana mama, hapo nakataa. Kwetu dudumizi ni yule mkubwa wa kahawia anayelia kama maji yanatoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba, akilia mvua iko njiani. Tipitipi ni mwingine, mdogo.

#21 Kisarawe Kwetu
Kwetu ni mmoja. Na mvua haiji kila akilia, nimeloana mara chache kuliko nilivyomsikia.

#22 Msomi wa Jikoni
Majina ya ndege kwa Kiswahili ni kama majina ya samaki, ukivuka mto yanabadilika. Msigombane, mtamaliza kurasa tano na ndege mwenyewe kajificha kwenye kichaka anawasikiliza.

#23 Tipa la Mchanga
Nimesoma kimya kimya toka mwanzo. Mimi ni dereva, nabeba mchanga wa ujenzi bonde la Mpiji na kwingine. Sababu nyingine hamjaitaja: MASHIMO. Kila tunapochimba panabaki ukuta wa mchanga na dimbwi. Kwenye ukuta wanakuja wale wa kijani wembamba wanaokula nyuki, keremkerem, wanatoboa matundu. Kwenye dimbwi anakuja mdiria, yangeyange, fundi chuma. Kabla ya shimo hapakuwa na kitu, shamba la mihogo tu.

Ila nisiwadanganye. Msimu uliopita kulikuwa na ukuta una matundu kama kumi, kijiko kilipokuja asubuhi kikaanza na ukuta huo huo kwa sababu mchanga wake ulikuwa safi. Nilipakia mimi.

#24 Pedeli Kavu
Tipa, hiyo ya mwisho imenikaa.

#25 Mtoto wa Kibada
Nadharia ya Dalali ya viwanja vilivyolala mbona huku Kigamboni haifanyi kazi? Kuanzia 2008 tulizuiwa kuendeleza maeneo yetu tukisubiri mji mpya. Miaka mingi, viwanja vimelala kuliko Mabwepande. Kweli kulikuwa na ndege, kwale walikuwa wanavuka njia mbele ya baiskeli kama kuku. Lakini tangu daraja lifunguliwe 2016, hata maeneo ambayo bado hayajajengwa naona wamepungua. Majani yapo, ndege hawapo. Kwa hiyo si majani peke yake.

Dar ilikuwa na watu milioni 4.36 kwenye sensa ya 2012, ya 2022 ikasema milioni 5.38. Hao milioni moja hawakukaa Kariakoo, wako huku pembeni na mbwa wao, paka wao na manati za watoto wao.

#26 Binti wa Goba
Paka! Hakuna aliyemtaja paka hadi sasa.

#27 Mama Kwale
Kibada, kwale ni mfano mgumu, kwale analiwa. Huyo hakuondoka kwa sababu ya daraja, kaondoka kwa sababu ya sufuria. Ukitaka kupima chukua ndege asiyeliwa.

Na angalia mwezi. Kambu wa Ulaya, ndugu wa huyo wa rangi za kitenge, wanafika kwetu mwishoni mwa mwaka, na mwezi wa tatu kuelekea wa nne wanarudi kaskazini kwa makundi. Ukihesabu kiwanja wakati huo utaona utajiri, ukirudi Juni utasema wamekufa. Vivyo hivyo kumbikumbi wakitoka mvua za vuli, unaweza kuona kozi wadogo kutoka mashariki ya mbali ya Asia wakiwadaka angani. Wamevuka bahari ya Hindi hao. Wanapita tu, ila daftari linawaandika kama wenyeji.

#28 Njiwa Manga
Mimi sihitaji kwenda mbali. Mashamba ya chumvi Kunduchi nimeona flamingo, tena wengi, na sikutumia baiskeli.

#29 Mvuvi wa Ununio
Miguu ya rangi gani?

#30 Njiwa Manga
Mirefu.

#31 Mvuvi wa Ununio
Nimeuliza rangi.

#32 Njiwa Manga
Walikuwa mbali mzee wangu.

#33 Mvuvi wa Ununio
Basi ni yangeyange. Ila Kunduchi nendeni maji yakijaa, wanasogea karibu. Mtafute yule mweupe na mgongo mweusi, mdomo mnene kama kisu cha bucha. Anakula kaa.

#34 Mjukuu Muscat
Niko Oman, bibi yangu ni wa Ng'ambo ya Unguja. Huyo mla kaa wa Mvuvi huwa nakuja naye nyumbani likizo, hahaha. Anazalia visiwa vya huku Uarabuni, anachimba tundu kwenye mchanga na kutaga yai moja ndani, kwenye joto ambalo nyinyi mngelia. Ndege wengi wa ufukweni wanataga juu ya ardhi, yeye ana handaki. Akimaliza kulea anashuka kwenu kula.

#35 Msomi wa Jikoni
Kumbe safari za majahazi hazijakoma, zimebadilisha abiria.

#36 Pedeli Kavu
Wakuu, narudi na mrejesho. Nilimwomba mzee Kisarawe Kwetu anipeleke Pugu kwa saa zake. Nililala Kisarawe. Saa kumi na moja kasorobo tuko njiani, yeye na Foniks yake isiyo na gia akanipita mlimani mara mbili, hana hata jasho.

Tulikaa sehemu moja hadi saa mbili. Niliowaona kwa macho: 11. Mzee aliowatambua kwa masikio: 26, na kuna wengine alisema "huyu namjua ila jina sina." Hondohondo walipita juu yetu, mabawa yao unayasikia vuu vuu vuu kama mtu anapuliza moto. Wa kifua cha chungwa sikumwona. Mzee anasema alikuwepo, mita nne kutoka kwenye kiatu changu.

Jumapili iliyofuata nikafanya hivyo hivyo Mabwepande, nikakaa sehemu moja hadi saa mbili badala ya kuzunguka. Nikapata 19. Kwa hiyo na ile 40 yangu nayo ilikuwa ya baiskeli, siyo ya kiwanja. Nilipita nyasi, bonde, mashimo, miembe na ukingo wa pori la Pande kwa asubuhi moja. Sijui sasa nilikuwa nahesabu ndege au nilikuwa nahesabu kilomita.

#37 Dalali Mstaafu
19 kwa kiwanja kimoja bado ni nyingi. Nabaki na msimamo wangu.

#38 Mvuvi wa Ununio
Nami na kunguru wangu.

#39 Kisarawe Kwetu
Nashukuru kwa chai, Pedeli. Uza hiyo baiskeli, cheni yake inapiga kelele, inafukuza ndege.

#40 Fundi Spoku
Cheni ni mafuta tu. Alete.

#41 Nyumba Nusu
Samahani kuingilia, nimeletwa huku na mtu. Mimi ndiye mwenye kiwanja Mabwepande, nimekaa nacho miaka tisa, hatimaye nimepata pesa ya boma. Fundi alipoanza kufyeka juzi kakuta kwenye kichaka cha nyasi kiota kikubwa kama mpira, mlango pembeni, mayai matatu meupe. Anasema ni tipitipi. Mafundi wameshachukua advansi, kokoto ziko saiti. Hawa wanakaa siku ngapi?

#42 Mama Kwale
Kama ni yeye, mayai karibu wiki mbili, makinda nao karibu wiki tatu. Jumla kama mwezi na kidogo. Usiguse kiota, na usiwaonyeshe watoto wa jirani.

#43 Mvuvi wa Ununio
Ni dudumizi huyo.

#44 Nyumba Nusu
Mwezi mzima siwezi mama, saruji inaganda. Kichaka kiko kona ya nyuma upande wa sebule. Nimewaambia mafundi waanze na shimo la choo na stoo kule mbele, sebule itasubiri. Fundi mkuu kanicheka hadi kakaa chini.